Tupeane uzoefu: Semina ya uongozi na mpango mkakati, kazini kwenu ilibadilisha nini?

Nyundo_Mbili
Wakuu, leo imetumwa ratiba kwenye grupu letu la kazi: mafunzo ya uongozi na uandaaji wa mpango mkakati, siku tatu, Bagamoyo. Nimekumbuka mengi. Mliopitia hizi semina, semeni ukweli: ofisi ilibadilika au mlirudi na begi na kalamu?

Mama_Hisa
Nilikuwa keshia wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya watumishi. Bodi ikaenda mafunzo, ikarudi na mpango wa miaka mitano umejalidiwa, na dira ukutani: kuongoza Afrika Mashariki. Ndani yake kuna kufungua tawi. Mhasibu akasema kikaoni kwamba akiba zote ziko kwenye mikopo, na mikopo mingi hairejeshwi. Akaambiwa ana fikra hasi. Tawi likafunguliwa: pango la mwaka mzima, samani, jenereta.

Ikafika Januari. Ada, sare, madaftari, mnajua wenyewe. Foleni ilijipanga kabla sijafungua dirisha, na pesa ya kwenye droo iliisha saa nne haijafika. Mwalimu mmoja mtu mzima alishika nondo za dirisha, fomu yake imesainiwa kila mahali, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hela yangu iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Meneja alikuwa amejifungia ofisini.

Tangu siku hiyo nikisikia mkakati nauliza kwanza pesa inatoka mfuko gani.

Kibo_Kaskazini
Kwetu Januari hiyo hiyo, kasoro jenereta. Pole sana dada.

Mwezeshaji_Huru
Msitubebeshe sisi lawama zote. Nimewahi kuandika mpango, kurasa za fedha zikanyofolewa kabla ya mkutano mkuu. Halafu washiriki wenyewe, swali la kwanza posho, la pili posho.

Tingatinga
Na nyie mnakopi na kupesti. Wetu ulikuwa na jina la halmashauri nyingine katikati ya kitabu!

Mwezeshaji_Huru
Hao ni vishoka. Usichanganye.

Tingatinga
Kwani nimekutaja?

Jua_la_Utosi
Acheni hayo, sikieni hili. Mwezeshaji kabandika bango kitita: nguvu, udhaifu, fursa, vihatarishi. Akasisitiza hapa hakuna cheo, kila mtu aseme. Dereva wetu akanyoosha mkono. "Udhaifu wetu ni mafuta. Gari langu liko gereji tangu Pasaka, lakini daftari la safari linasema nimeenda Singida mara mbili." Mwezeshaji alishaandika MAFUTA kwa kalamu nyekundu. Ukumbi kimya. Bosi akasimama: "Twende chai." Ilikuwa saa tatu, chai ni saa nne na nusu.

Kibo_Kaskazini
Eeh! Ikawaje?

Tingatinga
Dereva yuko wapi sasa?

Nyundo_Mbili
Jamani, turudi kwenye mada.

Mzee_wa_Masjala
Mimi nimeanza kazi serikalini enzi za ripoti ya siri, bosi anakupima bila wewe kuona alichoandika. 2004 ikaja OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi: wewe na msimamizi wako mkubaliane malengo mwanzo wa mwaka wa fedha, mpitie katikati, mpimane mwisho. Jambo zuri kabisa. Nilichokiona mimi, fomu nzima inajazwa siku moja mwezi Juni, malengo na alama kwa pamoja, maana mtu anasubiri kupanda daraja. Wakuu wa idara walifundishwa kujaza fomu. Kukaa na mtumishi nusu saa mkaongea kazi yake, hilo hakuna aliyewafundisha. Sasa tuna PEPMIS, upimaji huo huo kwenye kompyuta, na hiyo nusu saa bado siioni.

Kahawa_Chungu
Mafunzo wapeni wanachama, si bodi peke yake. Moshi chuo cha ushirika kipo tangu 1963, na afisa ushirika mnaye wilayani. Mwanachama anayejua kusoma mizania, ile hesabu ya mali na madeni, asingepitisha tawi la Mama Hisa.

Tingatinga
Mkutano mkuu watu wanasubiri pilau, mizania nani asome?

Kahawa_Chungu
Basi pilau itoke baada ya mizania.

Mwezeshaji_Huru
Nyundo, nenda, ila mhasibu wenu aende pia na akae mbele.

Kibo_Kaskazini
Usiende. Omba hiyo bajeti inunue tairi.

Mama_Hisa
Aende. Akatae kusaini chochote kisicho na ukurasa wa fedha.

Tingatinga
Na dereva???

Jua_la_Utosi
Alitolewa kwenye gari, akapelekwa masjala. Mkaguzi wa ndani alipokuja alianza na lile daftari la safari. Suala liko kwenye vyombo husika, mengine niacheni.