Nataka kufunga tela kwenye baiskeli ya mtumba, nibebe trei za mayai na chakula cha kuku. Naombeni ushauri

Mama Trei

Wakuu, habari zenu.

Nafuga kuku wa mayai 100 hapa Kihonda, Morogoro. Kuku mmoja anakula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo wote wananimalizia kilo 12, na mfuko wa kilo 50 siku ya tano umeshaisha. Kwa wiki napata trei 18 za kupeleka mjini. Mayai yanakwenda na bodaboda, chakula kinarudi na bodaboda, na nikikaa na daftari Jumapili naona wazi faida inaishia barabarani.

Nina baiskeli ya mtumba ya Japani, ile ya kike yenye kikapu mbele, ringi za inchi 26, haina gia. Breki ya mbele ni ya kubana ringi, ya nyuma ni ile ya kikopo kwenye habu upande wa kushoto. Kila siku naenda nayo kazini, kwa hiyo sitaki kuibadilisha moja kwa moja. Nataka tela ninaloweza kulifungua Jumatatu asubuhi na kulifunga tena Jumamosi.

Fundi wa kuchomelea wa jirani ameniambia tela lishikwe kwenye bomba la kiti, chini ya siti, kwa sababu ndiyo kazi rahisi kwake. Mwingine amesema lishikwe kwenye ekseli ya nyuma. Nilipojaribu kuangalia pale kwenye ekseli naona nafasi hakuna kabisa, kumejaa vyuma. Nimsikilize nani? Na je, baiskeli ya aina hii itabeba kweli?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Uyui

Mwanangu, hongera kwa kazi. Mimi nimekulia Tabora, na huko gunia mbili za mahindi zinapanda keria ya Phoenix na mtu anatoka nazo kijijini hadi sokoni. Tela linaongeza magurudumu mawili ya kupata pancha. Uza hiyo ya kike, nunua Phoenix, mwambie fundi akuwekee keria ya nondo na stendi ngumu. Basi.

Fundi Njiti

Shikamoo mzee. Kwa gunia nakubaliana na wewe, lakini huyu mama ana mayai. Trei juu ya keria ya baiskeli isiyo na springi ni mtikisiko mtupu. Halafu gunia likiwa juu, baiskeli ikiyumba kidogo tu linakuangusha nalo, na wengi tunaowaona wakipita nazo wanaisukuma kwa miguu zaidi ya kuiendesha.

Dada Mama Trei, kabla ya yote angalia keria yako. Keria nyingi za Japani zimegongwa namba kwenye bati: 18, 25 au 27. Hizo ni kilo. Mfuko wa 50 juu ya keria ya 25 unazidi mara mbili, na kinachokatika huwa ni masikio ya kwenye fremu, ambayo hayachomelewi vizuri kwa sababu bomba ni jembamba.

Sasa swali lako. Usikubali bomba la kiti. Tela likishikwa juu, ukifunga breki linakusukuma kwa juu, linapunguza uzito kwenye gurudumu la nyuma na kulitupa pembeni. Likishikwa chini, usawa wa ekseli, msukumo unapita karibu na ardhi na baiskeli inatulia. Nimechomelea matela ya aina zote mbili, na yale ya chini ya siti wateja waliyarudisha.

Na ni kweli kwamba pale kwenye ekseli kumejaa. Hebu hesabu: kuna mguu wa stendi, kuna chuma cha keria, kuna chuma cha madigadi, kuna kivuta cheni, halafu ndiyo nati. Ukiongeza bamba la tela juu ya hivyo vyote, nati inashika nyuzi tatu tu, na siku moja inachomoka. Nati lazima ijae nyuzi zote na ekseli ichungulie kidogo nje.

Mama Trei

Asante sana fundi. Nimeenda kuangalia keria, imegongwa 25. Na nati ya kushoto kweli imeshafika ukingoni, ekseli haichungulii kabisa. Nifanyeje?

Fundi Njiti

Njia mbili. Ya kwanza, toa ile stendi ya miguu miwili, bamba la tela likae mahali pake. Lakini ukiwa na mzigo bila stendi utateseka wakati wa kupakia. Ya pili, ambayo mimi naipenda, badilisha ekseli uweke ndefu zaidi. Chukua nati yako ya zamani nenda nayo dukani, izungushe kwa vidole kwenye ekseli mpya. Ikigoma usilazimishe, nyuzi si za aina moja. Ukifungua habu, badilisha na gololi na utie grisi, maana hiyo baiskeli imetoka Japani na pengine haijawahi kufunguliwa.

Bamba liwe chuma cha milimita 5, na liinamishwe litoke nje ya kile kikopo cha breki. Hapo ndipo mafundi wengi wanakosea. Wanalinyoosha, linagusa mkono wa breki, breki inaanza kushika yenyewe au inaacha kushika kabisa.

Mswahili Utrecht

Niko Uholanzi na nilikuwa na tela la Burley kwa miaka kadhaa, nafikiri linaweza kusaidia kama mfano wa kuiga. Kishikio chake ni kipande kidogo cha chuma kinachobanwa na nati ya ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, kwa kuwa kulia kuna cheni. Mkono wa tela unaishia kwenye kiungo kinachonyumbuka, unapitisha pini moja, halafu kuna mkanda wa pili unaozungushwa kwenye fremu ili pini ikikatika tela lisikimbie peke yake. Kufunga na kufungua ni nusu dakika. Bamba linabaki kwenye baiskeli wiki nzima wala halisumbui.

Ila ujue lile tela la mizigo, wenyewe wameandika mwisho ni kilo 45. Si kwa sababu bomba zitapinda. Breki za baiskeli ndizo zenye kikomo.

Mama Trei

Kilo 45? Mimi nilikuwa nawaza mifuko miwili kwa mkupuo, yaani 100, niende mara moja kwa wiki.

Fundi Njiti

Dada, hapo nakukataza kabisa. Wewe na baiskeli tuseme kilo 83. Tela tupu 18, mfuko mmoja 50, jumla 151. Breki ni zilezile, kwa hiyo umbali wa kusimama unakaribia mara mbili. Ukiweka mifuko miwili unapita 200, karibu mara mbili na nusu. Hicho kikopo cha nyuma kikipata moto kinalegea, na ringi ya mbele ikilowa mvua mpira wa breki unateleza. Barabara ya Dodoma pale Msamvu ina malori. Beba mfuko mmoja, nenda mara mbili. Hata huo mmoja umepita kidogo kipimo cha ndugu yetu wa Utrecht, kwa hiyo mwendo uwe wa mtu anayekimbia polepole, si zaidi.

Na kwenye kona, funga breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ukiifunga ndani ya kona tela linaendelea mbele na kuisukuma nyuma ya baiskeli nje. Breki zote mbili, kwa ulaini.

Kisumu Lakeside

Mimi ni dereva wa baiskeli ya mizigo huku Kisumu. Mzee wa Uyui hajakosea sana, kuna baiskeli za Buffalo ambazo keria yake imetengenezwa kwa kilo 100 na zinafanya kazi nzuri mashambani. Lakini ile ni fremu nyingine kabisa, haiwezi kulinganishwa na ya kikapu.

Kuhusu magurudumu ya tela: usitumie inchi 26, hata kama unayo bure. Baiskeli ikikata kona inalala, tela halilali. Nguvu yote ya pembeni inakwenda kwenye njiti, na gurudumu kubwa linajikunja kama sahani. Tumia ya inchi 20 ya baiskeli za watoto. Na ekseli yake ishikwe pande zote mbili, ndani na nje, kama inavyoshikwa na uma. Ukiiacha ining'inie upande mmoja inapinda ndani ya mwezi.

Fundi Njiti

Sahihi kabisa. Nakuongezea vipimo vya kumpa mchomeleaji: kitanda cha tela urefu sentimita 90, upana 60, kikae chini kati ya magurudumu, si juu yake. Ekseli ya tela iwe nyuma ya katikati ya kitanda kwa sentimita 8 hivi. Ukishapakia, inua mkono wa tela kwa kidole: uzito unaousikia uwe kama dumu la lita 5 la maji. Ukiwa mwepesi sana au mkono unataka kupanda wenyewe, mzigo umekaa nyuma na tela litakuchezesha mkia. Ukiwa mzito sana unaiumiza ekseli ya baiskeli.

Kiungo unaweza kutumia kipande cha hosi nene yenye nyuzi za kitambaa ndani, kishikwe kwa bolti zinazopenya, klipu peke yake haitoshi. Kinyumbuke kushoto na kulia, juu na chini, na pia kijisokote, ili baiskeli ikianguka tela libaki limesimama na mayai yako. Kila Jumamosi kikunje utazame nyufa.

Mzee wa Uyui

Nimesoma yote. Kwa mayai, sawa, tela. Mama, tandika godoro kuukuu chini, trei zisizidi sita kwenda juu, ya juu kabisa ifunikwe kwa trei tupu, halafu funga kwa mipira ya tyubu, si kamba ya katani. Kamba inalegea, tyubu inaendelea kubana. Na matairi ya tela usiyajaze yakawa jiwe. Weka na kijiti chenye kitambaa chekundu nyuma, kimo cha kichwa chako ukiwa umekaa, maana dereva wa lori haoni kitu kilicho usawa wa goti.

Mama Trei

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Ekseli ndefu imewekwa, bamba limepindishwa nje ya kikopo, tela ni la bomba za mraba na magurudumu ya inchi 20. Stendi nimebaki nayo. Jumamosi ya kwanza nilipeleka trei 18 katika mafungu matatu ya sita sita, yakavunjika mayai manne, yote ya trei za chini za fungu la nyuma. Jumamosi iliyofuata nikaongeza godoro upande wa nyuma, likavunjika moja.

Kurudi na mfuko ndiyo kazi. Kuanza kuondoka magoti yanalia.

Fundi Njiti

Hesabu meno ya friwili yako ya nyuma.

Mama Trei

Kumi na manne. Mbele 32.

Fundi Njiti

Weka ya 18. Nguvu ya kukanyaga inapungua zaidi ya sehemu moja ya tano. Siku za kazini utazungusha miguu haraka kidogo, utazoea. Mwambie fundi aongeze pingili za cheni, asivute gurudumu mbele ili cheni ya zamani itoshe, maana atakuhamishia na bamba la tela hadi liguse breki. Akishamaliza, endesha siku mbili halafu kaza nati za ekseli upya, spana namba 15.

Mama Trei

Nimeipata ya 18 leo mchana. Jumamosi naenda nayo mjini.