Hedifoni za bei nafuu: besi imejaa, mwimbaji amezama. Nianzie wapi kurekebisha?

Mwanga_KGM
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini. Nina hedifoni mbili za blututhi, zote za bei ya chini, zote za wapenda besi. Moja inakaa juu ya sikio, spika yake ni milimita 33. Nyingine inafunika sikio zima, milimita 40. Ya kwanza besi inapiga ngumu ila fupi. Ya pili besi inatanda mpaka mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Kwenye rumba ya Kongo gitaa la solo bado nalipata, ila singeli ni uji mtupu. Simu ni Android, ekwalaiza yake (ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba) ina vitelezi vitano tu. Nishushe kipi, nipandishe kipi? Au kuna cha kufungua ndani?

Kibirizi_Sauti
Mkuu, ekwalaiza iache kwanza, kagua mito, zile sponji zinazogusa sikio. Weka wimbo wenye besi, kisha bana vikombe vyote viwili kwa viganja, polepole. Besi ya chini ikiongezeka ghafla, hewa inavuja: ngozi ya mto imepasuka, sponji imelala, au miguu ya miwani inaacha upenyo. Besi ya chini kabisa ndiyo hutoroka kwanza, ile ya juu yake inabaki peke yake ikivuma. Ukibana na hakuna kilichobadilika, mito ni mizima, songa mbele.

Hiyo 33 na 40 usiipe uzito sana. Inayokaa juu ya sikio inategemea zaidi mkao wake, ikisogea kidogo besi inakimbia. Na ukizilinganisha, sawazisha sauti kwanza. Iliyo juu kidogo tu sikio litaipenda zaidi, hata kama ndiyo mbovu.

Isevya_TBR
Kama mito iko sawa, dawa iko hapa. Kwenye Android nyingi vitelezi vitano ni 60 Hz, 230 Hz, 910 Hz, 3.6 kHz na 14 kHz. Hz ni kipimo cha uzito wa sauti: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti nyembamba. Hakikisha na vyako vimeandikwa hivyo. Ugonjwa wako uko kwenye 230. Hapo ndipo mkia wa besi unapopanda juu ya kifua cha mwimbaji.

Anza hivi kwa ile ya milimita 40: 60 acha sifuri, 230 shusha 4 dB (kipimo cha ukubwa wa sauti), 910 sifuri, 3.6 kHz pandisha 2, 14 kHz sifuri. Sikiliza nyimbo tatu unazozijua vizuri kabla ya kugusa tena. Ikiwa bado nzito, 230 ipeleke mpaka −6. Mwimbaji akianza kusikika kama anaimbia ndani ya kopo, umezidisha, rudi 2. Herufi "s" na "sh" zikichoma, punguza ile 3.6 kwanza.

Kwa nini singeli ndiyo inaumia? Kasi. Kwenye wimbo wa mapigo 240 kwa dakika, kila pigo lina robo sekunde. Spika ambayo besi yake inachelewa kunyamaza inaingiza pigo la kwanza ndani ya la pili. Rumba ina nafasi, ndiyo maana solo unalipata.

Zima Dolby (kikoleza sauti cha simu) na kitufe chochote cha "kuongeza besi" kwenye simu. Na kama hedifoni ina programu yake, chagua ekwalaiza moja. Mbili zikiwaka pamoja, hujui tena ipi inafanya nini.

DjMasanja_dogo
Mnamchosha bure. 60 juu kabisa, 14 juu kabisa, katikati zote chini. Disko hilo, kwisha habari 🔥

Isevya_TBR
Dogo, hapo katikati unapopashusha ndipo mwimbaji anapoishi. Kalalamika amezama, wewe unamwongezea maji. Halafu nyimbo nyingi za siku hizi zimerekodiwa sauti ikiwa imeshafika kileleni. Ukiongeza dB 6 juu yake, mawimbi yanakatwa vichwa, na ule mkwaruzo kwenye besi watu wanasingizia spika imepasuka. Tena dB 6 ni nguvu mara nne kwa spika ileile ndogo. Anayetaka kupandisha kitu ashushe sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho. Programu ya Wavelet ya Android ina vitelezi tisa, na ina orodha ya AutoEq yenye marekebisho tayari ya hedifoni nyingi zilizokwisha kupimwa. Tafuta modeli yako humo kwanza.

Mwanga_KGM
230 iko −4, mwimbaji amesogea mbele. Shukrani mkuu. Ila bado kuna mvumo kidogo. Nikitaka kufungua?

Kibirizi_Sauti
Kama ina kuzuia kelele kwa umeme, usifungue kabisa. Maiki zake zimepimwa na kikombe kilivyo. Kama ni ya kawaida, toa mto kwa kuuvuta pembeni polepole, chini yake kuna skrubu ndogo tatu au nne. Kikombe kikiachia usikivute, kuna nyaya nyembamba kama uzi, zikikatika kazi imehamia kwenye kuchomelea kwa risasi. Chukua pamba ya duka la dawa, donge la ukubwa wa karanga yenye ganda, ilipurure mpaka iwe nyepesi kama utando wa buibui, tandaza nyuma ya spika. Kiasi sawa pande zote mbili. Isiguse betri, isikae juu ya saketi, isizibe tundu la hewa. Ukishindilia nyingi, besi inakauka na sauti inakuwa ya ubao.

Tundu la hewa lenyewe lipo mara nyingi nyuma ya spika, limefunikwa kikaratasi chembamba. Kwenye hedifoni nyingi ukiliziba besi inapungua. Jaribu kwa plasta ya karatasi, nusu ya tundu, upande mmoja, ulinganishe na mwingine. Selotepu ya nailoni haipitishi hewa, hiyo iache. Na hakikisha siyo tundu la maiki!

Mama_Kwaya_Ujiji
Samahani wanangu, naingilia. Yangu muziki uko safi, ila nikipiga simu ya video na muziki unacheza, inakuwa kama redio ya mbao. Ni ekwalaiza?

Isevya_TBR
Shikamoo mama. Hapana, siyo ekwalaiza. Maiki ya hedifoni ikiwaka, blututhi inahama kwenda njia ya simu: sauti moja badala ya mbili, trebo (sauti nyembamba) ya juu yote imekatwa. Ukikata simu inarudi yenyewe ndani ya sekunde chache. Isiporudi, zima blututhi ya simu na uiwashe tena.