Walezi wa kujitolea wanatuacha baada ya miezi miwili: tunakosea wapi katika kuwaratibu?

Mratibu_Uyole

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za kazi kwa wenzangu wote.

Ninaratibu kikundi kidogo cha walezi wa kujitolea hapa Jijini Mbeya, ambao kazi yao ni kumshika mkono mtu aliyemaliza kifungo tangu siku anapotoka getini hadi atakapopata pa kulala, kazi ya kufanya na watu wa kukaa nao bila kumwogopa. Tulianza mwaka jana tukiwa na walezi 14, waliotoka katika makanisa mawili, msikiti mmoja na kikundi cha VICOBA cha akina mama wa Ilomba. Leo wamebaki 6. Hakuna aliyegombana nami wala aliyeniandikia barua ya kujitoa. Huanza kwa kuchelewa kupokea simu, kisha wanasema wana msiba, kisha nakutana nao sokoni Mwanjelwa nao wanaangalia pembeni kwa aibu.

Yapo mambo matatu yaliyotuumiza zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu alimkopesha kijana aliyekuwa akimlea fedha za kununua mtumba wa kuanzia biashara, fedha hazikurudi, na tangu hapo kijana anamkwepa na yeye anamkwepa kijana. Mlezi mwingine, kwa nia njema kabisa, aliomba waumini wamwombee ndugu yetu, akataja jina na kosa, na kabla wiki haijaisha mwenye nyumba alikuwa amemwomba huyo ndugu ahame. Wa tatu ni mama anayeishi Mbalizi ambaye nilimpangia mtu wa Isyesye bila kufikiria nauli, akawa anatoa fedha ya mboga ya nyumbani kwake ili aende kumwona, mpaka mumewe akauliza.

Naomba kusikia kutoka kwa watu walioifanya kazi hii kwa mikono yao. Mlezi apangiwe watu wangapi? Nani anapaswa kujua kosa la mtu? Na mlezi afanye nini anapoombwa fedha, maana ataombwa tu?

Mstaafu_Kihesa

Marahaba, mwanangu. Kamwene kutoka Iringa.

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nitakujibu kwa kuanzia mahali ambapo hukuuliza. Walezi wako hawakukosa moyo. Mtu anayekosa moyo haji kabisa kwenye kikao cha kwanza. Hao waliondoka kwa sababu uliwakabidhi mtu mzima mwenye shida kumi bila kuwaambia ni shida ipi ni yao na ipi si yao, na mwenye huruma asiyewekewa mpaka huchoka mapema kuliko asiyejali.

Jambo la kwanza ni kutenganisha aina za watu unaowapokea, kwa sababu kisheria hawafanani. Aliyehukumiwa kutumikia adhabu katika jamii chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo huwahusu wenye makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka 3, ana Afisa Huduma za Uangalizi anayemsimamia, na mlezi wako hapo ni msaidizi wa afisa huyo, hawezi kujipangia lake. Aliyetoka kwa parole, yaani aliyeachiliwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, ambayo ina sheria yake ya mwaka 1994, ana masharti aliyoyakubali, na mlezi lazima ayafahamu ili asije akamshawishi bila kujua kuyavunja. Lakini aliyemaliza kifungo chake chote hana msimamizi yeyote. Ni raia huru, na mlezi hana mamlaka yoyote juu yake isipokuwa yale anayopewa kwa hiari. Nimeona walezi wengi wakiwa wakali kwa mtu wa aina hii kana kwamba wao ni askari magereza wa nje, naye anatoweka. Watoto nao waachie Ustawi wa Jamii na utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, ukizingatia kwamba hapo Mbeya mna Shule ya Maadilisho ya Irambo, ya watoto waliokinzana na sheria, ambayo ina taratibu zake za kumrudisha mtoto nyumbani.

Jambo la pili ni muda wa kuanza. Wewe unaanza getini, na getini mmechelewa. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 zinasema katika Kanuni ya 107 kwamba maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo, na Kanuni ya 108 inataja vitu ambavyo mtu anayetoka anapaswa kuwa navyo: nyaraka na vitambulisho, mahali pa kuishi, kazi, nauli ya kumfikisha aendako, na mavazi yanayofaa hali ya hewa na msimu. Hilo la mavazi mtu wa Dar es Salaam anaweza kulipita haraka, lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua maana yake. Nilimpokea mtu aliyekamatwa Kyela kwenye joto, akatoka gerezani mwezi wa Julai, akiwa na fulana ileile aliyokamatwa nayo na mfuko wa plastiki mkononi, baridi ya saa kumi na mbili asubuhi ikimtetemesha kiasi kwamba alishindwa kushika kikombe cha chai. Tangu siku ile hakuna mlezi wangu aliyekwenda getini bila sweta.

Omba kibali kwa mkuu wa gereza ili mlezi aonane na mtu wake mara mbili au tatu kabla hajatoka. Tarehe ya kutoka kwa kawaida inajulikana, isipokuwa kwa msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutangazwa tarehe 26 Aprili na 9 Desemba na huwatoa watu ambao hakuna aliyewaandalia chochote. Kwa hiyo mimi nilikuwa na desturi ya kutompangia kila mlezi mtu. Wawili nilikuwa nawaacha wazi kwa ajili ya siku hizo.

Kuhusu idadi: mlezi mmoja, mtu mmoja. Mlezi wa pili awe anafahamika kwa huyo mtu kama msaidizi, ili wa kwanza akiugua au akifiwa kamba isikatike.

Fundi_Makambako

Nashukuru kwa maelezo ya mzee wangu wa Kihesa. Mimi ni fundi seremala na nimekuwa mlezi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu lile la fedha.

Sikopeshi na sigawi fedha taslimu, na ninalisema siku ya kwanza mbele ya mratibu wetu, kabla sijaombwa, kwa sababu ukilisema baada ya kuombwa linageuka kuwa tusi. Lakini kukataa fedha si kukataa mtu. Kijana niliyekuwa naye alikuwa amejifunza useremala gerezani na mkono wake ulikuwa mzuri, ila hakuwa na cheti wala randa. Sikumpa fedha ya randa. Tulikwenda naye dukani, tukauliza bei, tukakubaliana kwamba atafanya kazi kwenye karakana yangu kwa malipo ya kawaida na kila Jumamosi ataweka kiasi fulani kwenye kibubu nilichokigongomelea ukutani mwenyewe, funguo akae nayo yeye. Ilimchukua wiki tisa. Siku aliyoleta ile randa aliifunga kwenye gazeti na kuifungua mara tatu mbele yangu. Baadaye tulimpeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambako fundi hupimwa kwa kile anachokijua bila kurudishwa darasani upya.

Niongeze jambo ambalo sikuambiwa na mtu nilipoanza. Mama yake alinipigia simu wiki ya kwanza, akilia, akasema kila alfajiri anamkuta mwanawe amechuchumaa nje ya mlango, mikono juu ya magoti, kimya, anasubiri. Alikuwa anasubiri kuhesabiwa, kama wafungwa wanavyohesabiwa gerezani. Mama alidhani mwanawe ameharibikiwa akili na alikuwa anafikiria kumpeleka kwa mganga. Nilichofanya ni kwenda pale alfajiri na kumwambia tu, "Bwana, twende kazini," na nikafanya hivyo kwa siku sita mfululizo. Ndugu Mratibu, waandae walezi wako kwa mambo ya namna hiyo kuliko unavyowaandaa kwa mahubiri, na uiandae familia pia, kwa sababu mlezi anamwona mtu saa mbili kwa wiki na mama anamwona kutwa.

Na tafadhali msikimbilie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri katika mwezi wa kwanza. Mikopo ile hutolewa kwa vikundi, na nimeshuhudia mtu aliyetoka juzi akiingizwa kwenye kikundi cha watu asiowajua, kikundi kikavunjika, naye akabaki anadaiwa na jina lake likachafuka mara ya pili.

Nilitoka_2019

Ninaandika kama mtu aliyelelewa. Nilikaa ndani miaka saba na nilipewa mlezi ambaye mpaka leo namwita baba.

Swali la nani ajue kosa langu lina jibu moja kwa upande wangu: mratibu, mlezi, na yule nitakayemwambia mwenyewe. Mlezi akinificha kwamba anajua, nitagundua, na sitamwamini tena. Kilichonifanya nimwamini baba yangu huyu ni kwamba siku ya kwanza aliniambia, "Nimesoma karatasi yako, najua ulichofanya, na sitakuuliza, ukitaka kusema utasema." Nilisema baada ya miezi mitano, tukiwa tunapalilia viazi.

Kuna jambo linalonisumbua kuhusu walezi wanaotoka kwenye nyumba za ibada, na nalisema kwa heshima kwa sababu imani ndiyo iliyonishikilia. Wengi wanataka tutoe ushuhuda. Wiki ya pili tu mtu anasimamishwa mbele ya watu mia tatu aeleze alivyokuwa mwizi na alivyookoka. Watu wanapiga makofi, lakini Jumatatu ukienda kuomba kibarua, yule aliyepiga makofi jana anakumbuka wizi, hakumbuki wokovu. Mimi niliombwa mara mbili, na baba yangu alikataa kwa niaba yangu mara zote mbili bila hata kuniuliza kama ninaona aibu. Mratibu, lifanyeni hilo kuwa sharti lenu la kuandikwa. Yule ndugu aliyehamishwa nyumba hakukosewa na maombi. Alikosewa kwa kutangazwa.

Mama_Rungwe

Nakubaliana na wote, ila nimwambie mzee wangu wa Kihesa kwamba kwa wanawake getini si pagumu kama nyumbani. Wanawake wawili niliowasindikiza walikuta waume wameoa na watoto wametawanywa kwa shangazi na bibi, mmoja Tukuyu, mwingine Chunya. Shida yao ya kwanza haikuwa kazi. Ilikuwa ni mtoto wa miaka sita kumwita mama yake "dada". Mlezi wa mwanamke awe mwanamke, na atengewe nauli ya kwenda kuwaona hao shangazi na bibi kabla mama hajatoka, kwa sababu mlango wa huko ukifungwa hakuna kazi itakayoziba.

Mratibu_Uyole

Nimesoma majibu haya mara mbili na nimeyaandika kwenye daftari la kikundi. Ndugu yangu uliyetoka 2019, nimekuelewa, na nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi yule ndugu, kwa sababu mlezi wangu alitangaza jambo ambalo mimi sikuwahi kumwambia kwamba ni siri. Nilichukulia kwamba analijua.

Nimeamua kutopokea mtu mpya kwa miezi mitatu. Walezi 6 waliobaki watabaki na watu 6, na nitampangia kila mmoja mtu wa kata yake au ya jirani; nauli na vocha zitatoka kwenye mfuko wa kikundi, shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila mlezi, zikiandikwa. Wale 8 walioondoka nitawatembelea mmoja mmoja, si kuwarudisha, bali kuwauliza walibeba nini ambacho hakikuwa chao.

Nina swali moja tu limebaki, mzee wangu. Mlezi na mtu wake wakutane wapi? Akina mama wangu walikuwa wanawakaribisha nyumbani kwao, na sijui kama niendelee kuruhusu.

Mstaafu_Kihesa

Mwanangu, Wajapani wana walezi wa kujitolea wa aina hii kwa makumi ya maelfu, chini ya sheria ya mwaka 1950, hawalipwi mshahara bali hurudishiwa gharama, na kwa miaka mingi desturi yao imekuwa kumkaribisha mtu nyumbani kwa mlezi, jambo linalompa heshima ambayo ofisi haiwezi kumpa. Mei 2024 mlezi mmoja aliuawa nyumbani kwake katika mji wa Otsu, akakamatwa mtu aliyekuwa akimlea, na nchi nzima ikalazimika kulifikiria upya suala hilo la mahali pa kukutana.

Mimi sikutoa kibali cha nyumbani kabla ya mwezi wa tatu, na hata hapo mlezi alipaswa kuwa na mwenzake. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia ofisi ya mtendaji wa kata siku ya Jumamosi asubuhi, wakati haina watu wa kesi, au mahali pa kazi kama ilivyo karakana ya huyu fundi wa Makambako. Kila mlezi alinitumia ujumbe alipoanza na alipomaliza. Usipoupata ule wa pili ndani ya saa moja, piga simu. Na asipopokea, ondoka hapo ulipo uende.