Msaada: halijoto ya Hawking inanitokea mara mbili ya inavyotakiwa, entropia inakuja A/8

Kaskazi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu. Natafuta halijoto ya shimo jeusi la Schwarzschild (lisilozunguka wala kuwa na chaji) kwa njia ya muda wa kufikirika, yaani t inageuzwa kuwa −iτ, kwa vizio ambamo G = c = ħ = k = 1.

Nimeanza na f(r) = 1 − 2M/r ya metriki (kanuni ya kupima umbali na muda), M ikiwa tungamo la shimo. Nikaweka r = 2M + x, ikabaki f ≈ x/2M. Kisha nikabadili x kuwa ρ = √(2Mx), nikapata mzunguko wa τ wenye urefu wa 4πM, kwa hiyo T = 1/(4πM). Kwa tungamo la Jua inatoka 1.23 × 10⁻⁷ K, wakati jibu linalojulikana ni 6.17 × 10⁻⁸ K. Nikiintegreti dS = dM/T napata 2πM², ambayo ni A/8 badala ya A/4, A ikiwa eneo la upeo wa matukio (mpaka ambao hata nuru haivuki kutoka).

Kinachonichanganya ni kwamba nimejipima kwa M = 2TS na inakubali kabisa. Kosa liko wapi? Na je, themodinamiki peke yake ingeweza kulikamata bila kugusa kwantamu?

Fotoni255:
Mkuu, kosa liko pale ulipotoka kwenye x kwenda ρ. dρ = dx/√f = √(2M/x) dx. Integrali ya x^(−1/2) ni 2√x, si √x, na hiyo 2 umeidondosha. Sahihi ni ρ = 2√(2Mx), yaani ρ² = 8Mx, kwa hiyo f = (ρ/4M)². Karibu na upeo wa matukio metriki inakuwa dρ² + ρ²(dτ/4M)². Hapo τ/4M ndiyo pembe. Pembe ikimaliza 2π, τ imetembea 8πM, na T = 1/(8πM).

Chukua mkasi na karatasi ulione. Kata duara, kisha likate katikati. Mzunguko wako wa 4πM ni nusu tu ya pembe inayotakiwa, kwa hiyo mkononi una nusu duara, na umegundisha kingo zake mbili. Inatoka koni iliyochongoka kama kikaratasi cha karanga. Kwenye ile ncha mpindo hauna kikomo, na milinganyo ya Einstein hairuhusu kitu hicho mahali penye utupu. Kwenye upeo hakuna ncha. Ni sharti hilo tu linaloichagua 8πM.

Ukirudisha vizio, T = ħc³/(8πGMk). Angalia usiweke h mahali pa ħ, jibu litakua mara 6.28 na utatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Nanga:
Naingia kwenye swali la pili, ndilo zito. Jibu ni hapana. Andika T = a/M. Ukiintegreti, S = M²/2a, na TS = M/2 kwa a yoyote ile. Kipimo chako cha M = 2TS kinapitisha kila namba, ndiyo maana kilikukubalia.

Hata sheria ya kwanza ya Bardeen, Carter na Hawking ya 1973, dM = κ dA/8π (κ ni nguvu ya uvutano kwenye upeo), inasema tu kwamba T inakwenda na κ na S inakwenda na A. Ukiongeza T mara mbili, S inapungua nusu na mlinganyo hauna habari. Mwaka huohuo Bekenstein alikadiria kigawe cha A kwa hoja za taarifa akapata ln 2/8π, kama 0.028. Umbo lilikuwa sawa kabisa, namba ikawa chini mara 9 hivi. Ile 1/4 ilipatikana 1974, Hawking alipoweka uga wa kwantamu juu ya anga-wakati lililopinda. Mwaka 1996 Strominger na Vafa walihesabu hali za ndani za mashimo maalumu ya vipimo 5, ambayo halijoto yake ni sifuri, nao wakaifikia A/4. Hiyo njia haipiti kwenye T hata kidogo, ndiyo maana naithamini sana.

Mwalimu wa Zamu:
Kaskazi, usiishie kwenye muda wa kufikirika, fanya na hesabu ya Bogoliubov (inayolinganisha mawimbi yanayoingia na yanayotoka) ili uione kwantamu yenyewe ikifanya kazi. Shika wimbi e^(−iωu) linalotoka (u ni saa ya miale inayotoka, v ya inayoingia), lirudishe nyuma hadi lilipoingilia. Kule u = −4M ln(v₀ − v), ukiacha namba isiyobadilika; v₀ ni ya mwale wa mwisho unaoponyoka. Kadiri v inavyokaribia v₀ wimbi linabanana, mizunguko haihesabiki. Lichambue kwa Fourier upate α na β, yaani sehemu zake zenye masafa chanya na hasi. Ukizungusha logi upande sahihi wa bapa la namba changamano, |α| = e^(4πMω)|β|. Unganisha na |α|² − |β|² = 1, unapata |β|² = 1/(e^(8πMω) − 1). Hiyo ni fomula ya Planck ya mnururisho wa joto, na T = 1/(8πM) imejitokeza yenyewe.

Ukiona |β|² hasi, umezungusha logi upande usiofaa. Ukiona +1 chini, umetumia sharti la fermioni. Kumbuka pia kwamba nje ya shimo kuna kizingiti kinachorudisha sehemu ya mawimbi ndani. Kinapunguza mnururisho unaofika mbali, lakini hakiigusi T.

Kaskazi:
Nashukuru sana wakuu, A/4 imetoka. Limebaki moja: nikitafuta mtawanyiko wa nishati, ⟨ΔE²⟩ = T²C (C ni uwezo wa kupokea joto) inakuja hasi. Nimekosea tena?

Nanga:
Hapo hujakosea. C = dM/dT = −8πM², shimo likila linapoa. Fomula ya mtawanyiko inadai mfumo uliotulia kwenye bafu la joto, na Schwarzschild kwenye anga wazi hautulii. Mnururisho wa ulimwengu una 2.725 K, na shimo la joto hilo lina tungamo la 4.5 × 10²² kg, nusukipenyo chake 0.067 mm. Likizidi hapo kidogo linapoa, linakula zaidi ya linachotoa na kuendelea kukua. Likipungua kidogo linapata moto na kuzidi kuyeyuka. Kwa hiyo fanya kazi na nishati iliyofungwa, au lifungie shimo kwenye sanduku dogo ndipo uandike e^(−E/T).