Nani aliwadanganya kwamba coupe ya mtumba inachaguliwa kwa mwaka tu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Miezi minane iliyopita nilinunua gari la mtumba la milango miwili, lile la kunguruma. Jina silitaji. Kabla ya kununua niliuliza kila kona na jibu lilikuwa wimbo mmoja: "Mkuu, kimbia za mwanzo, chukua za kuanzia mwaka fulani, hizo walisharekebisha pistoni, hazinywi oili." Nikausaka mwaka huo mpaka nikaupata. Leo linakunywa lita ya oili kila kilomita 1,000, na asubuhi nikiwasha, moshi wa bluu unamfanya jirani afunge madirisha. Wenyewe wanaliita coupe. Kwangu ni kupe, maana linaninyonya.

Juzi nikisafisha ndani nilivuta mkanda wa dereva hadi mwisho. Kule chini kabisa kuna lebo ndogo imeshonwa, ina tarehe mkanda ulipotengenezwa, yaani karibu na siku gari lenyewe lilipoundwa. Nikaisoma mara tatu. Nikavuta wa abiria: mwezi uleule, mwaka uleule, na ni mwaka mzima na zaidi nyuma ya ule niliouziwa. Muuzaji alinitajia mwaka wa usajili! Gari lilitoka kiwandani na pistoni za zamani, likalala bila mnunuzi, likasajiliwa baadaye, mimi nikachekelea nimepata lililorekebishwa.

Kwa hiyo ukimwambia mtu "chukua la 2006", mwaka upi? Kuna wa kutengenezwa, kuna wa toleo (mwaka ambao kampuni inaliita gari hilo), kuna wa usajili. Magari ya soko la Marekani yana namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, na ya 10 ndiyo ya toleo: 5 ni 2005, 9 ni 2009, A ni 2010. Toleo la 2006 linaweza kabisa kuwa lilitengenezwa 2005. Yale ya soko la ndani la Japani namba ya chasisi haikutajii mwaka moja kwa moja. Hayo mbona hamsemi?

Na hata mwaka ukiwa wa kweli, bado. Chukueni Toyota Celica ya 2001. Mmoja anaapa inakunywa oili, mwingine anaapa anatukanwa. Wote wakweli! Yenye injini ya 1ZZ-FE ya miaka hiyo, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi na ringi za oili, zile zinazofuta oili kwenye silinda, zinaganda. Ya 2ZZ-GE ni injini nyingine kabisa chini ya bodi lilelile.

Halafu wale wa "jipya zaidi ndiyo bora". Nissan 350Z ilianza toleo la 2003 na nguvu farasi 287. Baadhi ya za 2005, na za 2006 za gia za mkono, zikaja na injini ya farasi 300, na hizo ndizo zinazolalamikiwa sana kwa kunywa oili. Mpya kuliko za 2003, lakini ndizo zenye kilio. Ya 2007 ikabadilishiwa injini tena, na utaijua kwa nundu ya boneti. Hiyo nundu inakwambia mengi kuliko kadi.

Mazda RX-8 ndiyo usiseme, ile ya injini ya rotari, isiyo na pistoni bali rota zinazozunguka. Ni kweli toleo la 2009 liliongezewa sindano za oili, kutoka mbili hadi tatu kwa kila rota. Lakini ya 2009 iliyowashwa na kuzimwa ikiwa baridi kila siku inaweza kukuliza, na ya 2004 yenye injini iliyofumuliwa vizuri ikakupeleka. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila rota kwa kipimo cha rotari, kisha uiwashe ikiwa ya moto. Ikisumbua kuwaka, ondoka.

Na mimi nina kosa langu. Siku ya kulikagua nilikuta boneti ya moto. Muuzaji alikuwa ameshalipasha, moshi wote ameshautoa kabla sijafika. Mimi nikaona mtu mkarimu, ameniandalia gari!

Simu zangu hapokei tena. Jana nimefungua plagi, ya silinda ya tatu imelowa oili. Aliyewahi kubadilisha ringi za oili bila kushusha injini nzima aje aseme alianzia wapi. Wa "ungechukua la mwaka unaofuata" pita kimya.