Mbwa wa manyoya mafupi anapukutisha mwaka mzima (Kigoma): shida ni ngozi, chakula au sabuni?

MwangaJuu:
Wakuu, habari za asubuhi. Mbwa jike, wa kienyeji aliyechanganya, kahawia mwenye kifua cheupe, miaka 3, kilo 22. Tupo Mwanga, Kigoma. Ukimpapasa mgongoni mkono unatoka umevaa manyoya, na yale meupe yanajichoma kwenye vitambaa vya kochi na sare za watoto, hata kufua hayatoki. Hali ni hiyo masika na kiangazi. Hana kipara popote, anajikuna kidogo tu. Chakula ni ugali wa dona na dagaa wachache, na kijiko cha mawese ili ang'ae. Anaogeshwa kila Jumamosi kwa sabuni ya unga. Mmoja kaniambia achomwe sindano ya vitamini, mwingine kasema anyolewe. Nifuate lipi?

DakiMifugo:
Mkuu, kunyoa futa kabisa. Manyoya yataendelea kutoka vilevile, ila sasa vipande vifupi zaidi na vigumu zaidi kuvitoa kwenye nguo, na ile ngozi ya kifua cheupe itaungua jua. Sindano nayo, kabla hujajua anapungukiwa nini, ni kumwaga hela.

Unyoya wa mbwa hukua, hupumzika, kisha hung'oka mwingine unapoota. Ulio mfupi hufika urefu wake upesi, ndiyo maana mbwa wa aina hii wanachafua nyumba kuliko watu wanavyotarajia. Ulaya wanapukutisha zaidi kwa misimu kwa sababu urefu wa mchana unabadilika sana. Kigoma ipo kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Mchana mrefu na mfupi kabisa vinapishana nusu saa na ushee tu. Kwa hiyo mwili haupati ishara ya msimu, manyoya yanatoka kidogokidogo Januari hadi Desemba. "Mwaka mzima" peke yake si ugonjwa.

Kinachotenganisha mzima na mgonjwa ni ngozi, na unaweza kuikagua mwenyewe mchana kwenye mwanga:

Funua manyoya kinyume na yalivyolala: kiunoni karibu na mkia, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Ngozi safi haina wekundu, magamba wala harufu ya uvundo. Kisha shika kishungi kidogo kwa vidole viwili, vuta taratibu. Nywele chache zikitoka ni kawaida. Kikitoka kishungi kizima kikiwa na gamba chini yake, hapo kuna tatizo.

Sugua ukingo wa sikio kwa kidole na kiganja kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, shuku upele wa utitiri, hasa kama kingo za masikio na viwiko vina magamba. Huo unaambukiza hadi watu. Vipara kuzunguka macho na kwenye nyayo ni utitiri wa aina nyingine. Kipara cha mviringo mara nyingi ni fangasi. Kipara kinacholingana pande zote mbili za mwili, mbwa hajikuni na ananenepa bila kula zaidi, apimwe tezi la shingo.

Mwisho, mchane kiunoni juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Chembe nyeusi zikigeuka wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu. Usimtangaze mzima kabla ya jaribio hili, maana kiroboto kwenye manyoya mafupi hujificha vizuri kuliko unavyodhani.

Kibirizi_Sokoni:
Mimi nigusie chungu. Unyoya karibu wote ni protini, na wewe unampa dona. Dona ina faiteti inayoikamata zinki tumboni isifyonzwe. Mbwa anayeishi kwa dona au pumba manyoya yake hupauka, na ikizidi anatoa magamba kuzunguka mdomo na macho.

Kwa kilo 22 weka gramu 90 hadi 100 za dagaa wakavu kwa siku. Pima kwenye mizani mara moja, ujue ni viganja vingapi vyako. Waloweke nusu saa, wainue kwa mkono bila kuyakoroga maji, mchanga ubaki chini. Maji hayo mwaga, yamebeba na chumvi. Chemsha bila chumvi wala kitunguu. Vichwa na miiba acha, ndiyo chokaa yake. Dagaa waliogeuka rangi ya njano na kunukia mafuta ya zamani usinunue hata kwa bei ya bure: mafuta yakiharibika yanamaliza vitamini E mwilini mwa mnyama.

Mawese yana rangi nzuri na nguvu, lakini yale mafuta ya kulainisha ngozi, asidi ya linoleiki, ni kama sehemu moja tu kwa kumi. Alizeti ya kawaida inazidi nusu. Badilisha: kijiko cha chai kimoja kwa kila kilo 10, kwake viwili kwa siku, kimwagwe juu ya chakula kilichopoa. Anza na nusu kijiko wiki ya kwanza, la sivyo ataharisha, na punguza ugali matonge mawili asinenepe. Yai lipikwe; ute mbichi unazuia biotini, vitamini ya ngozi na manyoya. Tofauti utaiona baada ya wiki 6 hadi 8. Anayekuambia siku 3 anakuuzia kitu.

Urambo_Tumbaku:
Huku watu wanaloweka majani ya tumbaku, wanampaka mbwa maji yake. Chawa, viroboto, vyote kwisha.

TaboraMjini:
Ndugu yangu wa Urambo, hapana. Nikotini inapita kwenye ngozi, na mbwa atajilamba. Anaanza kutoa udenda na kutapika, halafu anatetemeka, na anaweza kufa. Oili chafu ya gari ni hivyohivyo.

Sabuni ya unga ndiyo adui wa wazi hapa. Inaondoa mafuta ya ngozi yote kila wiki. Ngozi inakauka, inatoa mba, manyoya yanalegea. Muogeshe kila baada ya wiki 4 kwa shampuu ya mbwa. Kabla ya maji mpige brashi akiwa mkavu, nje, upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Tumia brashi ya mpira yenye meno mafupi. Ukikosa, glavu ya mpira ya kuoshea vyombo yenye vipele kiganjani. Zungusha kwanza kutoka shingoni kwenda mkiani, kisha pitisha kufuata manyoya. Dakika 10, mara 3 kwa wiki. Chanuo la chuma lenye makali linakwangua ngozi ya mbwa wa aina hii, liache. Povu likae dakika 5 huku unasugua na brashi ileile, suuza mpaka maji ya tumboni yatoke meupe. Shampuu iliyobaki kwapani ndiyo inayowasha kesho yake.

Kochi: glavu hiyohiyo, iloweshe, ikung'ute, vuta upande mmoja, manyoya yanajikusanya kama kamba. Sare zikung'ute kabla ya kuzilowesha, maana maji yanayashindilia kwenye uzi. Fagio la chelewa linayarusha tu. Pitisha tambara bichi.

MwangaJuu:
Asanteni sana. Nimemchana juu ya kitambaa: chembe kama sita, nne zimekuwa nyekundu. Nina dawa ya josho ya ng'ombe, amitrazi. Nimuogeshe nayo?

DakiMifugo:
Usitumie hiyo. Amitrazi ni ya kupe na utitiri, viroboto haiwasumbui. Omba duka la dawa za mifugo fiproni ya matone, kipimo cha kilo 20 hadi 40. Cha kilo 10 hadi 20 hakimtoshi. Tenga manyoya katikati ya mabega, dondoshea kwenye ngozi yenyewe, asiogeshwe siku 2 kabla na 2 baada. Kama kuna paka nyumbani, kataa chochote chenye pemetrini, dawa ya wadudu iliyo sumu kwa paka.

Viroboto wengi hawako kwenye mbwa, wako anakolala, kama mayai na viwavi. Gunia lake lichemshe na kulianika juani kila wiki kwa wiki 4, zoa vumbi la kwenye nyufa za sakafu na ulichome. Walio ndani ya vifukofuko hawafi kwa dawa na hutoka wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo ukiona wapya wiki ya tatu usiongeze dozi. Rudia siku ya 30. Na mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, kwa sababu akimeza kiroboto anapata tegu. Angalia kinyesi chake kama kina punje zinazofanana na mchele.