Mrejesho: vidole kufa ganzi kwenye baiskeli wakati wa baridi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje vidole visife ganzi nikiendesha baiskeli asubuhi za baridi kali, maana nilifikia hatua ya kushindwa kubana breki. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Nilianza na ushauri wa kuvaa glavu mbili nene. Kwangu haukufaa: zilibana mno, damu haikupita vizuri, vidole vikazidi kupoa. Aliyesema nichukue glavu pana kidogo ya kuzuia upepo, ndani nivae nyembamba ya sufu, alipatia. Ila kilichoniokoa hasa ni ile mifuko mizito inayofungwa kwenye usukani, mkono unaingia humo humo na breki na gia. Siku mbili za kwanza nilipata shida kuingiza na kutoa mkono, sasa nimezoea. Kufunika vifundo vya mikono nako nilikupuuza, kumbe kunasaidia sana.

Halijoto ikishuka chini ya sifuri, baada ya nusu saa hivi dole gumba bado linauma. Hilo sijalimaliza, nasimama, nazungusha mikono mpaka damu irudi, naendelea.

Wewe uliyenieleza habari ya mifuko, Mungu akubariki.